Dakika Thelathini na Tatu za Papa Komlan

Jumatatu, 28 Juni 2021

Wametufungia majumbani tangu Jumamosi kwa sababu ya korona. Wiki mbili tu, wanasema. Mimi niliambiwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania, kwamba tutakaa miezi mitatu, nikatoka baada ya miaka kumi na mmoja nina mume na cheti cha ushonaji, kwa hiyo hesabu za wakubwa nazisikiliza kwa sikio moja. Daftari hili nimelinunua kwa sababu ya treni. Hapa Sydney, kutoka nyumbani Ingleburn mpaka Seven Hills ninakokwenda kuogesha wazee ni zaidi ya saa nzima, nabadilisha Glenfield, na siku hizi behewa zima niko peke yangu. Nisipoandika nitaanza kuongea na viti.

Lazare mume wangu anasema nina ugonjwa wa miguu, sijui kutulia. Ni kweli. Nikikaa kidogo naona kama kuna mtu anakuja kuniambia fungasha, tunahama.

Jumatano, 30 Juni

Baridi. Barakoa mbili. Hakuna jipya.

Ijumaa, 2 Julai

Chumba namba kumi na nne kuna mzee mgeni, Komlan Afanou, miaka themanini na moja, Mwafrika wa Togo. Faili lake linasema: dereva wa basi mstaafu, kiharusi mwezi wa nne, haongei. Wiki tatu yuko pale, watu wote wanamwonyesha vidole kama kiziwi: kula, geuka, lala.

Leo namsugua mgongo, akasema kwa Kifaransa, taratibu kabisa, "Madame, haya maji mmeyatoa kwenye barafu?"

Yesu na Maria! Beseni nusura linidondoke. Kumbe kiharusi kilimchukua Kiingereza tu, Kifaransa kikaachwa. Nikamjibu kwa Kifaransa changu cha shule ya kambini, akanigeukia na jicho lake moja zima, machozi yakamtoka, na mimi yangu yakanitoka. Wiki tatu, jamani! Mtu ana maneno kinywani na hana wa kumpa.

Sista Jepchumba, muuguzi Mkenya anayesimamia ghorofa yetu, alinisubiri mlangoni na saa mkononi. "Mama Keza, dakika kumi na tano kwa chumba. Umekaa ishirini na sita." Nikamweleza mzee anaongea. Akasema, "Poa, andika kwa faili. Lakini ni dakika kumi na tano." Huyu mwanamke angekuwa askari wa kambini angepandishwa cheo kila mwezi.

Jumatano, 7 Julai

Wametuongezea wiki. Nilisema mimi.

Papa Komlan, ndivyo ninavyomwita sasa, ananiambia yeye ni mshairi na mtengeneza filamu. Nikaitikia tu, ndiyo papa, ndiyo. Kila mzee aliyevuka bahari kwao alikuwa waziri.

Jumatatu, 12 Julai

Nimeaibika. Binti yake, Akouvi, amepiga simu ya video kutoka Montréal kwenye tableti ya wazee, akaniomba nikae niione filamu ya baba yake. Inaitwa "Wachota Chumvi". Nyeusi na nyeupe, dakika arobaini na moja, ya mwaka 1974. Wanawake wako kwenye ziwa la chumvi lililokauka, wanavunja ukoko wa chumvi kwa visigino, wanakusanya, wanajitwisha. Nilisahau kupepesa macho. Kuna mahali mwanamke mmoja anatazama kamera kama anayeiuliza, wewe nawe unataka nini?

Lakini haina sauti hata chembe. Akouvi alinieleza. Baba yake hakuwa na chombo cha kunasa sauti. Alikuwa anabeba mashine na jenereta kwenye mkokoteni, kijiji kwa kijiji, anatundika shuka, kisha anasimama pembeni ya picha na kughani shairi lake kwa mdomo, mwanzo mpaka mwisho. Hakuliandika hata siku moja. Siku hizo karatasi ilikuwa inapeleka watu jela. Na yeye alifungwa hivyo hivyo, miezi kumi na minne, kwa shairi lililokuwa hewani tu.

Sasa tamasha moja la filamu za zamani limekubali kuionyesha kwenye mtandao tarehe 23 Oktoba. "Bila maneno," Akouvi alisema, "ni wanawake wanainama tu." Tangu nilipogundua kwamba baba yake anaongea, amemwomba mara mia aghani shairi lake. Kila akimwona binti kwenye kioo, mzee anakuwa baba: umekula? umevaa sweta? Shairi haliji.

Nikamwambia, kwangu mimi akiingia majini anaongea. Akouvi akaikamata hiyo kama anayezama. "Basi uandike, madame Léocadie. Neno kwa neno. Nakuomba."

Nikasema ndiyo. Mdomo wangu huu.

Alhamisi, 15 Julai

Simu hairuhusiwi pale mtu anapovuliwa nguo, na sawa kabisa. Kwa hiyo kazi iko hivi: yeye anaghani nikimwogesha, mimi nashika kichwani, natoka, nikifika kwenye treni namwaga daftarini kabla sijasahau. Kati ya Seven Hills na Glenfield sijibu hata simu ya mume wangu.

Dakika ya kwanza, leo:

*Jua limeyanywa maji, limetuachia mifupa yake.*
*Nasi ndio hawa, tunaokota mifupa ya maji.*

Nimeisoma mara nane. Nywele zimenisimama.

Jumatatu, 19 Julai

Lazare hana kazi wiki hii, ghala lao limefungwa. Anazunguka nyumba akikaza skrubu zisizolegea. Mwanangu Keza yuko darasani kwenye kompyuta, nikimwita chakula tayari anajibu "Mum, I'm muted!" sijui ndiyo au hapana.

Ijumaa, 23 Julai

Nimegombezwa na mtu asiyeweza kujifunga kifungo. Nilikuwa namrudishia maneno yake ya jana, nayasema kwa Kifaransa kama nilivyoyashika, nikafika kwa mwanamke anayeinua jembe "kwa huzuni".

"Nani kasema huzuni?"

"Papa, si anaonekana ana huzuni?"

"Umemuuliza? Toa huzuni yako kwa mwanamke wangu. Mimi nilisema anainua jembe. Basi."

Nikaitoa. Nilikasirika mpaka stesheni ya Merrylands, halafu nikasoma bila lile neno. Mzee yuko sahihi, potelea mbali.

Jumapili, 1 Agosti

Misa kwenye skrini. Padri aliganda akiwa amepandisha mikono.

Alhamisi, 5 Agosti

Maisha yake yanakuja vipande, kati ya mguu na mguu. Baba yake alikuwa karani wa forodha. Kamera alifundishwa na padri aliyekuwa akipiga picha za ubatizo. Mashairi yake ya kwanza yalichapwa kitabu kimoja chembamba, nakala mia tatu, "na mia mbili nilizigawa mwenyewe." Baada ya jela akakimbilia Accra, halafu Lyon, akawa anafagia jumba la sinema. Miaka minane anafagia chini ya filamu za watu wengine. Huko Akouvi alizaliwa. Mama wa Akouvi alipofariki, alimwoa muuguzi wa Sydney, Margaret, wakaja huku, naye akaendesha basi miaka kumi na tisa. Margaret naye hayupo.

Nikamuuliza, hukutengeneza filamu nyingine? Akasema alianza nne. "Kila nchi niliyofika, nilipokwisha kujifunza kuomba kamera kwa lugha yao, nilikuwa nimehama."

Hilo lilinichoma. Nikamkausha vidole.

Dakika ya kumi na mbili, anapotokea mtoza ushuru:

*Mwenye mizani hana kiu.*
*Angekuwa na kiu angeuliza maji, asingeuliza uzito.*

Jumamosi, 14 Agosti

Helikopta. Wanajeshi wanagonga milango kuangalia nani katulia ndani. Wanatugawia maji ya chupa na tabasamu, wavulana wazuri tu, lakini niliposikia buti kwenye zege nilikuwa tayari nimemshika Keza mkono na nimesimama mlango wa nyuma. Lazare akanishika bega. "Mama Keza, hapa ni Ingleburn." Najua ni Ingleburn. Miguu ndiyo haijui.

Jumatatu, 23 Agosti

Marufuku kutoka usiku sasa, sisi wa magharibi tu. Wale wa ufukweni wanaogelea, nimewaona kwenye taarifa ya habari.

Jepchumba ameniandikia onyo la maandishi kwa kuzidisha muda chumba namba kumi na nne. Nimelitia sahihi bila kumtazama. Dakika ya ishirini na saba imekamilika. Bado kumi na nne.

Jumanne, 31 Agosti

Mpishi amekutwa na korona. Tuliokuwa zamu ya Jumapili wote nyumbani siku kumi na nne, kukaa ndani, kupimwa, kusubiri. Mpaka tarehe kumi na nne!

Namuwaza papa. Nani atamwogesha? Nani atamsikia?

Ijumaa, 3 Septemba

Sina korona. Natembea kutoka dirishani mpaka jikoni. Hatua kumi na tisa.

Jumamosi, 4 Septemba

Kumi na nane nikipita karibu na meza.

Jumapili, 5 Septemba

Niandike yote leo.

Saa nne asubuhi simu inalia, Jepchumba. Nikajua onyo la pili. Kumbe anaongea kwa kunong'ona. "Mama Keza, huyu mzee amekataa kuoga siku tano. Amekataa uji. Anaita jina lako na maneno sielewi. Nimefunga mlango. Nimemfunika vizuri, ni miguu tu naosha, simu iko juu ya kabati inatazama ukuta. Ongea na yeye."

Jepchumba! Mwanamke wa sheria!

"Papa, ni mimi," nikasema. Nasikia maji tu. Nikaona nimsomee tulipoishia, labda kamba itashika. Na kwa sababu Jepchumba yuko pale amepiga magoti, haelewi Kifaransa, nikaona si adabu kumwacha nje. Nikasoma kama ilivyo daftarini.

*Mama, ukilia usifute.*
*Ndiyo kazi ya chumvi hiyo, kurudi kwenye ngozi.*

Maji yakanyamaza. Jepchumba alikuwa ameacha kuosha. Halafu sauti ya papa, kwa Kifaransa: "Hiyo ni lugha gani?"

"Kiswahili, papa. Ndivyo nilivyoandika."

Na hapo hapo, Mungu wangu, nikaelewa nilichofanya. Wiki saba! Mimi kambini nilikuwa katibu wa kwaya, kumbukumbu zote za mikutano niliandika kwa Kiswahili, watu waseme Kirundi, waseme Kifaransa, mkono wangu ulikuwa unatoa Kiswahili. Hakuna aliyewahi kunilaumu. Akouvi aliniambia neno kwa neno, na mimi nimemwandikia neno kwa neno kwa lugha asiyoijua yeye, wala baba yake, wala mtu yeyote Togo. Kifaransa chake nilikiacha kwenye beseni kila asubuhi.

Nikaanza kulia na kuomba msamaha. Papa akaniambia nyamaza, soma tena, polepole. Nikasoma. Jepchumba anasema papa alikuwa anapiga kidole kwenye chuma cha kitanda, mstari kwa mstari, na mahali pamoja akasimamisha kidole. "Hapo umekimbia," akasema. Hajui hata neno, na kweli nilikuwa nimekimbia.

Kisha akasema: "Mimi nililighani kwa Kiewe, lugha ya kwetu. Hicho Kifaransa nilikuwa nakutafsiria wewe tu, Léocadie, ulikuwa huna lugha nyingine."

Halafu akampa Jepchumba mguu wa pili na akaendelea na dakika ya ishirini na nane.

Jumanne, 7 Septemba

Dakika ya thelathini na moja. Jepchumba kapiga tena. Nilimwomba radhi kwa niliyokuwa nayawaza juu yake. Akacheka, "Kwani ulidhani sikujua? Uso wako ni redio."

Alhamisi, 9 Septemba

Dakika ya thelathini na tatu. Wanawake wamejaza mabeseni, wanaitana kusaidiana kunyanyua.

*Nitwisheni, dada zangu. Msiniulize kama naweza.*
*Nitwisheni. Shingo ndiyo itakayosema.*

Akachoka hapo. Akasema zilizobaki ni za kupanda tuta, dakika nane, atanipa Jumamosi.

Jumamosi, 11 Septemba

Kiharusi cha pili, alfajiri. Jepchumba anasema hawezi kumeza.

Jumapili, 12 Septemba

Amefariki saa saba mchana. Jepchumba alikuwa amemshika mkono. Mimi nilikuwa hapa, Ingleburn, nimekaa juu ya ndoo ya rangi, mzima wa afya kabisa, siku mbili kabla ya kufunguliwa. Siku mbili!

Ijumaa, 17 Septemba

Mazishi wanaruhusu watu kumi tu. Nilikwenda. Akouvi alikuwa kwenye simu ya mtu wa mazishi, upepo unavuma simu nzima.

Jumatatu, 20 Septemba

Nimemwambia Akouvi. Kwanza nililigeuza shairi kuwa Kifaransa, siku tatu, kamusi mkononi, Lazare ananisahihisha naye hajui. Nikamtumia Akouvi. Akanipigia.

"Haya siyo maneno ya baba yangu. Baba hakuandika hivi. Hii ni... hii ni barua ya kuomba kazi."

Ni kweli, hata mimi niliona. Kwa Kifaransa changu yale maneno yamekufa. Nikamweleza ukweli wote, daftari, kwaya, Kiswahili.

"Nilikuomba kitu kimoja," akasema. "Kimoja! Umempoteza mara ya pili." Akakata.

Maji yakimwagika hayazoleki. Najua. Lakini nina hasira pia, na naiandika hapa: wewe binti, ulikuwa naye miaka mingapi, na ni nani aliyejua kwamba anaongea?

Jumanne, 21 Septemba

Nimefuta mstari wa mwisho wa jana, halafu nimeurudisha. Na yeye alifungiwa nje ya nchi hii miezi kumi na minane, mipaka imefungwa. Sikuwa na haki. Lakini nilikuwa na hasira.

Jumatano, 29 Septemba

Akouvi amepiga. Jepchumba alimtafuta, bila kuniambia, wakaongea Kiingereza saa nzima. Alimweleza habari ya kidole kwenye chuma cha kitanda, na habari ya Kiewe. Akouvi hajui Kiewe. Baba yake hakumfundisha, alisema kitamchelewesha shuleni Lyon.

"Kwa hiyo hicho Kiewe chake cha kwanza sikukijua tangu mwanzo," akasema. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Nisomee. Hicho chako."

Nikamsomea simuni, nimesimama katikati ya nguo mbichi.

"Mbona unapumua pale," akauliza, "baada ya mizani?"

"Ndipo baba yako alipopumua."

Akaniambia mghani niwe mimi, juu ya picha. Kwa Kiswahili.

Jumamosi, 2 Oktoba

Nimenasia sauti ndani ya gari la Lazare gereji, blanketi juu ya kichwa, tableti kwenye usukani. Mara sita. Mara ya kwanza nilighani kama msomaji wa matangazo kanisani. Ya sita nikaacha kujisikiliza.

Nilipofika dakika ya thelathini na tatu nikanyamaza. Akouvi kwenye simu akasema, "Na zile nane?"

"Hakunipa."

"Wewe umekaa na haya maneno miezi miwili. Unaweza kujaza. Nani atajua?"

Na kweli ninaweza. Nisijidanganye, yalikuwa yamenijaa mdomoni. Naona wale wanawake wanapanda tuta, namwona wa mwisho anateleza, nina la kusema juu yao, nina mama yangu na mzigo wake kichwani tukivuka kwenda Tanzania, nina maneno ya dakika nane na zaidi.

"Alinikataza huzuni," nikasema. "Neno moja tu, akanikataza. Siwezi kumwekea dakika nane."

Akouvi alilia. Halafu akasema sawa, iachwe hivyo hivyo.

Jumatatu, 11 Oktoba

Wametufungulia. Foleni ya saluni imefika barabarani.

Jumapili, 24 Oktoba

Kwao Montréal ni Jumamosi jioni, kwetu asubuhi. Wameketi wote kwenye kochi, Jepchumba kaja na mandazi, amebana nywele upya. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao, kukaa siwezi.

Picha ikaanza. Sauti yangu ikatoka kwenye runinga, nikataka kukimbilia uani, Lazare akanishika sketi. Pembeni watu wanaandika maoni: wa Lomé, wa Dakar, wa Kigoma mmoja, "jamani Kiswahili!" Mzee mmoja wa Togo aliandika kwa Kiingereza kwamba alikuwa na miaka kumi alipoiona kwenye shuka, na kwamba yule mtu alighani kwa pumzi hii hii. Jepchumba akanisomea hilo mara mbili.

Dakika ya thelathini na tatu. *Shingo ndiyo itakayosema.* Kimya.

Maoni yakaanza kumiminika. Sauti imekata. Hatusikii. Je, ni kwangu tu? Waandaaji, angalieni sauti! Mmoja akaandika basi, mimi naondoka, mtandao mbovu. Kule kwenye pembe namba ya watazamaji ilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Akouvi hakuandika kitu.

Nikachukua simu ya Lazare. Niliandika kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kifaransa kile kile kibovu:

"Sauti haijakata. Mwenyewe aliishia hapo. Tazameni."

Hakuna aliyeandika tena. Wanawake wakapanda tuta na chumvi yao. Nikaikodolea macho ile namba dakika zote nane. Alitoka mmoja. Akarudi.